Wa Kwanza Akikaa Chini

Kisumu
9 Februari 1986

Ndugu yangu Opiyo,

Pole na baridi ya huko, na pole na masomo yasiyokwisha. Sisi tuko salama. Mama magoti yanamsumbua lakini mdomo uko palepale. Bado anawagombeza kuku kwa Kibukusu na majirani kwa Kijaluo cha kuchechemea. Nakuandikia kwa Kiswahili kilekile tulicholelewa nacho landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ili nikimsomea aelewe kila neno.

Nina habari mbili. Kwanza, nimeoa. Anaitwa Jentrix. Ana maneno machache na mikono isiyokaa bure, na tumbo limeshaanza kuonekana. Tumepanga chumba kimoja nyuma ya soko la Kibuye, karibu na karakana yangu. Nimemtengenezea mlango wa mvule, mzito, wa kukaa miaka. Sina pa kuupachika. Umeegemea ukuta na tunaanikia nguo juu yake. Mimi fundi wa milango ya watu wote wa Kibuye!

Hapo ndipo inapoingia habari ya pili. Nilikwenda nyumbani Nyakach kuomba nijenge katika boma la baba. Baba Oketch, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu mzee atutoke, alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanyoosha fimbo kuonyesha kile kiwanja kitupu upande wa juu. Akasema, "Hiyo ni ya Opiyo. Yeye alitangulia kuona jua. Akuje apige nguzo yake, hata moja, hata kama kesho anarudi kwa wazungu. Halafu wewe." Nikamwambia uko mbali, labda nikushikie mimi. Akacheka mpaka akakohoa. "Mkono yako si mkono yake, hata kama mlilala tumbo moja."

Kwa hiyo nakuomba kitu kidogo tu. Njoo ushike nguzo, tushindilie udongo, urudi zako. Mke wangu apate mahali anapoweza kusema hapa ni kwangu.

Ni mimi,
Odongo


Leeds
30 Machi 1986

Odongo wangu,

Hongera! Mpe shemeji salamu zangu nyingi. Nimemcheka Baba Oketch peke yangu chumbani mpaka jirani akagonga ukuta.

Hutaamini, barua yako imenikuta nimezama katika jambo hilohilo. Kama nilivyokuambia, tasnifu yangu ni juu ya maneno ya hesabu ya Kiingereza, yametoka wapi na yamebeba nini. Sasa nimefika kwenye "second", yaani wa pili. Wenyewe wanalitamka kutwa nzima bila kujua kwamba si lao. "First" ni lao la kuzaliwa nalo, maana yake aliye mbele kabisa. "Third" na yote yanayofuata ni yao. Lakini huyu wa pili ni mgeni! Zamani, wakihesabu, walisema "wa kwanza", kisha wakasema "yule mwingine". Hivyo tu. Yule mwingine. Baadaye wakaja watawala waliosema Kifaransa, wakaacha neno hili "second", nalo lilitoka Kilatini, katika kitenzi cha kufuata. Wa pili, basi, ni anayefuata.

Sasa tutazame sisi. Kwa Wajaluo pacha wa kwanza ni Opiyo, aliyeharakisha, na wa pili ni Odongo, aliyebaki. Kwao wa pili anafuata, kwetu wa pili amebaki! Nimemweleza profesa wangu, akaweka kikombe chake chini. Nitaiandikia sura nzima, na jina lako litakuwamo ndani ya kitabu.

Kuhusu nyumba, usiwe na wasiwasi. Desemba nitakuja. Mwambie Baba Oketch akate nguzo.

Pacha wako,
Opiyo


Kisumu
18 Januari 1987

Opiyo,

Nguzo zilikatwa. Baba Oketch alichagua za mti wa siala, zilizonyooka, akazipanga chini kwenye kiwanja chako. Wanawake wakakata nyasi. Pombe ya busaa ikapikwa. Mama alikwenda stendi ya Katito kukungoja, na jogoo kwapani, akakaa kwenye benchi la muuza soda, kila basi likisimama yeye anasimama. Alifanya hivyo Desemba nzima. Muuza soda akawa anamwekea kiti.

Jogoo tulimla wenyewe mwaka mpya. Hakuwa na ladha.

Mtoto amezaliwa, msichana, tumemwita Awuor. Tunapokwenda nyumbani tunalala jikoni kwa mama, sisi watatu, tukisikiliza kuku. Jentrix hanung'uniki. Ila kila asubuhi anakwenda kusimama kwenye kiwanja changu, kile cha chini, anatazama, kisha anarudi kuchota maji.

Nimefikiri sana juu ya lile neno lako. Umesema kwa Kiingereza wa pili ni anayefuata. Sawa, nakubali, wewe ndiye uliyesoma. Sasa wa kwanza akikaa chini katikati ya njia, huyu anayefuata afanye nini? Amruke? Asimame hapo mpaka aote mizizi? Muulize profesa wako, kikombe kikiwa chini.

Nguzo zako zimeanza kuliwa na mchwa.

Odongo


Leeds
2 Aprili 1987

Odongo,

Nisamehe. Desemba nilibanwa. Walitaka sura mbili mpya kabla ya kunipa ruhusa ya kuendelea, na nisingeweza kuacha. Utaelewa siku moja, kazi hii si kama kupiga randa ubao, kwamba ukipumzika leo kesho utaukuta palepale.

Swali lako nimelipeleka kwa profesa. Amelipenda mno! Amesema ni swali la mtu mwenye akili na nilitie kwenye utangulizi.

Na neno lenyewe linazidi kunifungukia. Unajua kwa nini wanaiita ile chembe ya muda "second", sisi tukasema sekunde? Saa waliigawa mara ya kwanza wakapata dakika, wakaigawa mara ya pili wakapata hiyo. Mgawo wa pili, makombo ya dakika. Tena zamani wakubwa wao walipogombana wakaamua kupigana kwa bastola, kila mmoja alikuja na rafiki wa kumsimamia, na huyo nao walimwita "second". Kazi yake ilikuwa kubeba koti, na mambo yakienda vibaya, kubeba mwili.

Kama wazee wana haraka, natuma hela ajengewe huyo Opiyo wao kibanda, mambo yaishe. Kama sivyo, Desemba hii bila shaka.

Opiyo


Nyakach
16 Agosti 1987

Opiyo mwanangu,

Anayeandika ni Jentrix, mke wa ndugu yako. Mimi nasema, yeye anaandika.

Hela yako Baba Oketch ameirudisha kwa Odongo. Amesema hela haina mkono wa kushika nguzo. Usimkasirikie.

Mimi si mtu wa huku, unajua. Mimi Nabututu, binti wa Kibukusu, nilikuja nikakuta taratibu za watu, nikazishika kwa sababu nilimpenda baba yenu. Siku niliyowazaa, nyanya yenu alikaa mlangoni akaniambia wa pili asinyonye kabla ya wa kwanza. Wewe ulikuwa umelala. Odongo akawa analia. Maziwa yalikuwa yanadondoka yenyewe, yameloanisha nguo, na mtoto analia nimemkumbatia hapa. Nikamwacha alie mpaka wewe uamke. Hakuna aliyenishika mikono. Ni mimi.

Kilio kile bado nakisikia. Sasa ni mtu mzima, halii kwa sauti, lakini mimi mama yake nasikia.

Opiyo, amka.

Mama yako

Shemeji, mimi sina la kuongeza. Ila mlango umeanza kupinda kwa unyevu wa chumba.
Jentrix


Kisumu
6 Machi 1988

Opiyo,

Desemba yako ya pili imepita. Safari hii mama hakubeba jogoo. Alikwenda Katito mikono mitupu, eti kununua chumvi, na jikoni chumvi ilikuwa imejaa.

Jentrix ameondoka. Baba yake alikuja Nyakach siku ya matanga ya jirani, akaomba kuonyeshwa nyumba ya binti yake. Ungekuwa wewe ungemwonyesha nini? Nilimpeleka jikoni kwa mama. Akatazama kitanda chetu nyuma ya magunia ya mahindi, akamtazama Awuor amelala juu yake, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniua: "Kijana, mtu anafukuzwa kutoka nyumbani kwake. Huyu wangu hata hawezi kufukuzwa, maana hana nyumba ya kufukuziwa. Nitamchukua. Ukiwa na mlango utakuja kubisha kwangu." Wakaondoka siku hiyohiyo. Awuor alikuwa ananipungia mkono akidhani wanakwenda sokoni.

Baba Oketch aliona yote. Nilimwangukia, mbele ya watu, nikamwomba aniruhusu. Alilia, mzee yule, lakini akasema hawezi. Anasema mdogo akimruka mkubwa ni kumtakia kifo, na yeye hatanishikia panga nimkate ndugu yangu.

Unaona basi? Wanakulinda wewe. Mimi nalala na mlango ukutani kwa ajili ya kulinda maisha ya mtu anayeandika vitabu juu ya neno "wa pili". Umekuwa ukinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa tangu mwanzo. Nakuchukia, Opiyo. Nimeandika, nimekata, nimeandika tena.

Odongo


Leeds
1 Mei 1988

Odongo,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nimechoka. Nimechoka kuwa nguzo ya watu!

Mnanidai nini? Kwamba nilikutangulia kutoka kwa muda wa kuvuta pumzi? Watu wazima, na mwaka ni elfu moja mia tisa themanini na nane, mnashindwa kusimamisha kuta za udongo kwa sababu mkunga alimshika huyu kabla ya yule. Mkeo hakuondoka kwa ajili yangu. Ameondoka kwa sababu umeoa ukiwa mwoga wa wazee. Mimi maneno haya nimeyafungua moja moja, "wa kwanza", "wa pili", nimetazama ndani. Ndani hamna kitu. Ni sauti tu walizopokezana watu, wafalme na wachuuzi, mpaka zikatufikia.

Mwambie Baba Oketch hivi, na umsomee mbele ya wote, neno kwa neno: mnihesabu nimekufa. Opiyo amekufa. Jengeni mnavyotaka.

Nimetia sahihi yangu,
Opiyo


Leeds
20 Desemba 1988

Odongo,

Mbona kimya? Niliandika kwa hasira, na najua uliisoma kwa hasira. Tuyaache. Huku theluji imefunika hadi madirisha ya chini. Nimeota ugali na omena, nikaamka mdomo una maji.

Jentrix amerudi? Mama magoti vipi?

Opiyo


Leeds
11 Juni 1989

Odongo,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Au umehama sanduku la posta? Nimemwandikia hata Baba Oketch, naye kimya. Nitumie mstari mmoja tu, hata wa matusi.

Opiyo


Leeds
14 Oktoba 1990

Ndugu yangu Odongo,

Sijui kama barua hii itafika mikononi mwako, lakini naiandika kama mtu anayebisha hodi.

Tasnifu waliikataa. Walisema nimekusanya mengi na sikusema lolote. Tangu hapo nimekuwa nikisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja ya hapa, usiku na mchana, na karatasi za kuniruhusu kukaa huku zinaisha mwaka huu. Yule mama Mwingereza niliyekuwa nikikaa naye, ambaye sikuwahi kukutajia, amenifungashia vitu vyangu vizuri, hata soksi amekunja.

Narudi nyumbani. Nimeshapata tiketi ya ndege. Nitafika wiki ya pili ya Desemba na nitashuka Katito. Mwambie mama asije stendi, nitatembea mwenyewe mpaka bomani. Mwambie Baba Oketch akate nguzo. Safari hii nitachimba shimo kwa mikono yangu na nitakaa. Sitaki kurudi kokote. Nataka kuiona sura ya mama, na wewe, na huyo Awuor, nijue nani alifanana na nani.

Nimekukosea. Tutaongea.

Pacha wako,
Opiyo


Kisumu
19 Novemba 1990

Opiyo,

Nakujibu kinyume cha agizo. Baba Oketch alikataza mtu yeyote wa boma kukuandikia, kwa sababu marehemu haandikiwi.

Ulisema nisome neno kwa neno, nikasoma. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani, wamekaa kwenye nyasi. Nilisoma nikidhani watakasirika, na kusema kweli nilitaka wakukasirikie. Hakuna aliyekasirika. Baba Oketch alinyoosha fimbo kwenye karatasi. Kisha akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. "Nani amesema amekufa?" Nikasema, yeye mwenyewe. "Na amesaini?" Amesaini. Akavua kofia yake, na wanaume wote wakavua. "Basi sisi ni nani tumbishie mtu kifo yake?"

Wapo waliopinga. Mama alipinga mpaka sauti ikakauka. Aliwaambia yago, lile tunda refu la mti, huzikwa badala ya aliyezama ziwani, mtu ambaye mwili haukupatikana, siyo badala ya mtu aliye mzima anayekula na kuandika. Baba Oketch akamjibu, "Huyu pia amezama, mama Opiyo. Ni vile maji yake ni mbali."

Kwanza tulikujengea nyumba, maana mkubwa hazikwi bila nyumba. Ndogo tu, ya kulala mtu mmoja, kwenye kiwanja chako. Nguzo za zamani zilikuwa vumbi, tukakata nyingine. Ilikosa mlango. Nikapanda basi, nikaja Kibuye, nikauchukua ule wa mvule. Nyumba ya wa kwanza haiwezi kukaa bila mlango. Nimeupachika mwenyewe na haujapinda tena.

Kisha wakachuma yago, refu, zito, wakalifunga blanketi. Baba Oketch akaniambia nishuke mimi kaburini nilipokee, kwa kuwa mimi na wewe tulishawahi kulala sehemu moja finyu. Nikashuka. Nililishika hivi, mikono miwili, na Opiyo, nakuapia, lilikuwa na uzito wa mtu. Nililia kwa sauti. Wakadhani nafanya inavyotakiwa. Mama alinyolewa nywele. Alikuwa ameshaacha kubisha.

Nyumba yangu ilisimama kabla ya mvua. Nilikwenda kwa baba yake Jentrix nikabisha, akafungua. Wamerudi. Tuna mtoto mwingine, wa kiume, Baba Oketch akataka aitwe jina lako kama marehemu anavyorithiwa. Nilikataa. Nilisema jina hilo lina mwenyewe. Akanitazama, akaliacha.

Sasa nakuomba kitu kidogo kwa mara ya mwisho, kama nilivyokuomba mara ya kwanza. Usije.

Ukishuka Katito muuza soda atakimbia na kuacha duka. Hilo si kitu. Lakini ukiingia bomani ukiwa hai, nyumba yangu itakuwa imejengwa juu ya uongo, mdogo amemruka mkubwa, na wazee watasema ibomolewe kabla hamjala chakula cha jioni. Jentrix ameipaka udongo mara mbili. Ameotesha maua ya njano mlangoni. Awuor ana mahali pake pa kuficha vitu ukutani, anadhani sijui. Sina nguvu ya kuwarudisha jikoni nyuma ya magunia. Siku zote nilikuwa tayari kukufuata, popote, mtu yeyote wa Nyakach atakuambia. Wewe ndiye uliyekaa chini. Nenda Nairobi, nenda Mombasa, nchi ni kubwa. Nitakuja nikuone huko, nitakuletea omena ya Usenge, tutakaa mpaka asubuhi. Nakupenda, na nikiona mtu kwa mbali anatembea kama mimi moyo unaruka. Lakini nyumbani usije.

Barua yako nilimsomea mama. Niliona ni haki yake. Alisikiliza yote, hospitali, soksi, tiketi, uso umeinama. Nilipomaliza aliniuliza, "Huyu anayeandika ni nani?"

Nikamwambia, ni Opiyo, mama.

"Opiyo yuko pale nje," akasema, akachukua ufagio, akaenda kukufagilia kaburi kama afanyavyo kila asubuhi.

Odongo